Mayai ya Mama na Upepo wa Kona ya Jiko

Mimi sipendi kubishana, lakini nikianza ndio mimi wa mwisho kunyamaza, na mume wangu Nyongesa anajua. Kwa hivyo aliposema mashine ya mayai tuiwekee umeme wa upepo, nilimwambia hapo hapo kwamba upepo ni wa kukausha nguo.

Mashine yenyewe ni sanduku la mbao alilonitengenezea, lina balbu ndani na sahani ya maji. Linakaa nyuma ya pazia, upande wa kitanda, kwa sababu nyumba yetu hapa Kibera ni chumba kimoja. Watu huniletea mayai natotolesha. Stima ikipotea vifaranga wanafia ndani, nalaani wiki nzima, halafu naendelea. Safari hii kulaani hakungenisaidia. Mayai yalikuwa ya kuku wa mama.

Mama tulimzika mwezi wa sita, kwetu Webuye. Kama unajua matanga ya kwetu unajua kuku hawabaki. Waombolezaji walikula majogoo, wakala mitetea, na siku ya mwisho mjomba akamchinjia pasta yule mtetea wa mwisho mwenye shingo tupu, isiyo na manyoya. Wale wa shingo tupu mama alipewa na nyanyake alipoolewa, na hakuwahi kufuga wengine. Nilikuta mayai nyuma ya jiko la kuni, hayajalaliwa bado. Nikayapanga kwenye katoni yenye pumba za mahindi, nikayapakata usiku kucha kwenye basi. Yakiharibika hayo, kuku wa mama wamekwisha duniani, na mimi sina kitu kingine chake isipokuwa leso.

Nikwambie pia kwamba mama hakuwahi kulala kwangu. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake, na chumba kimoja chenye pazia ndio kabisa. Akija Nairobi alilala kwa dada yangu ambaye hajaolewa, Riruta. Akitutembelea alikunywa chai ndani, na Nyongesa anasimama nje ya mlango akiangalia viatu vyake. "Mulembe, mama," anamsalimu kwa lugha yetu. "Mulembe," mama anajibu. Hawakushikana mikono hata siku moja. Hivyo ndivyo walivyopendana, na walipendana sana.

Basi tukabishana. Stima yetu inapita kwa waya wa vijana fulani, leo iko, kesho haiko, na mwenye ploti hataki kusikia habari ya mita. Jirani yangu Kathini, ambaye ni mtu wa Kitui na hana haya, alisema niweke taa ya mafuta ya taa chini ya sanduku kama watu wa zamani. Nikamuuliza kama ameona bei ya mafuta ya taa, na kama yeye angependa kuzaliwa ndani ya moshi. Akasema basi ni sola, akamwita Derrick, kijana anayeuza paneli huko Olympic.

"Sasa, mathe," Derrick alisema. "Jua halikuletei bili. Ukishanunua, umenunua."

"Na hilo jua umeliona wapi mwezi wa saba?" Nyongesa akamuuliza. Tulitazama juu sote. Kulikuwa na mawingu tangu wiki iliyopita, na Derrick mwenyewe alikuwa amevaa majaketi mawili. "Halafu paneli atailinda nani? Nikienda kazini watapanda mabati waishushe mchana kweupe. Panga langu la upepo haliibiki. Nani atataka kuliiba?"

"Upepo wa huku chini ni wa kubahatisha, mzee. Ile mitambo mikubwa ya kaskazini imewekwa mahali upepo haupumziki, na nguzo zake ni ndefu kuliko gorofa za Highrise. Hapa mabati yanaukatakata. Na bado utahitaji betri. Hata mimi nitakuuzia betri. Bei iko kwa betri, si kwa kile kinachoijaza."

Hapo nilianza kumpenda Derrick. Lakini Nyongesa alitushika mikono, akatupeleka kwenye kona ya jiko.

Kila mtu kwenye ploti yetu anaijua kona hiyo. Iko kati ya choo na ukuta wa kanisa, na jioni wanawake wote tunapanga jiko zetu hapo. Huhitaji kupepea wala kupuliza. Unaweka makaa na karatasi, unaenda kumenya vitunguu, ukirudi moto umeshika. Jiko zilikuwa zimewashwa tayari na makaa yalikuwa mekundu, cheche zinaruka. Kathini, aliyekuwa upande wa sola dakika ileile, akasema kweli tangu ahamie hapa hajawahi kupuliza jiko. Mimi pia sikuwahi. Derrick akainua mabega. Nikakubali, na nikakubali kwa sauti, jambo ambalo Nyongesa ananikumbusha mpaka leo.

Anachomelea mageti Kawangware, kwa hivyo vyuma havikumsumbua. Mota aliitoa kwenye mashine ya kukimbilia ya jimu iliyotupwa. Mapanga aliyachonga kwa bomba la plastiki. Betri ilikuwa ya lori, kuukuu, ameisafisha mwenyewe. Akasimamisha mlingoti juu ya kona ya jiko, na jioni ile mapanga yakazunguka mpaka watoto wakapiga makofi. Nyongesa alitembea ploti nzima, mikono nyuma, kama mwenye nyumba aliyekuja kukagua.

Stima ilikuwepo siku nyingi, na betri ilikaa tu. Kisha Alhamisi moja, mayai yakiwa yamebakiza siku chache, transfoma ikalipuka na mtaa wote ukazima. Balbu ya mashine ikahamia kwenye betri. Jioni upepo ulivuma vizuri. Nikaweka mkono ndani ya sanduku, nikasikia joto, nikalala na moyo mweupe.

Niliamka alfajiri kwa sababu ya kimya. Yale mapanga huvuma, na sasa hayakuvuma. Nyongesa hakuwa kitandani. Nikafunua pazia. Balbu ilikuwa inawaka, lakini inapanda na kushuka, mara nyeupe, mara nyekundu.

Nikatoka nje nimejifunga leso. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimening'inia bila kutikisika. Moshi wa mama muuza mandazi ulikuwa unapanda juu wima. Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wetu sote. Tuliupima upepo kwa jiko, na jiko tunawasha jioni. Asubuhi watu wa ploti yetu wanatumia gesi, au wananunua mandazi. Hakuna aliyewahi kupeleka jiko kwenye kona ile alfajiri, kwa hivyo hakuna aliyejua kwamba alfajiri hapo hakuna kitu.

Mlingoti ulikuwa mtupu. Mapanga yalikuwa yameegemezwa ukutani. Nyongesa alikuwa ameketi kwenye stuli nyuma ya nyumba, amevaa sweta yangu, baiskeli ya Kathini imepinduliwa mbele yake na ile mota imefungwa kwenye mnyororo. Alikuwa anazungusha pedeli kwa mkono, mota iijaze betri. Mkono mwingine ulikuwa umekufa ganzi, ameuweka mapajani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu upepo ulale."

"Si ungeniamsha."

"Ungeanza kubishana."

Nilikuwa na hasira naye, kwa ajili ya kona ile na betri yake ya lori, na palepale nilimpenda kuliko siku aliyonioa. Nikamsukuma nikashika pedeli. "Ni mayai tu, Nyongesa," nikamwambia. "Ungejiua kwa mayai?"

Alikuwa anajikanda vidole. "Mama hakuwahi kulala kwangu," akasema. "Sasa ndio amelala. Nimwache apigwe baridi?"

Sikubishana.

Kathini aliamka akitafuta baiskeli yake, akatukana kidogo, akaketi akazungusha. Derrick alisikia habari akaja na paneli begani, si ya kuuza, akaiegemeza kwenye mabati tukaona itatoa nini. Ilitoa kidogo, kwa sababu mawingu yalikuwa palepale, lakini na kidogo hicho tulikichukua. Tulipokezana mpaka stima iliporudi mchana, na wakati huo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusema ni umeme gani ulio bora.

Mayai mengi yalikuwa yamekufa. Jumapili, kabla ya kanisa, yai moja lilipasuka. Kifaranga alitoka amelowa, akalala kifudifudi, na balbu ilipomkausha niliona shingo yake. Ilikuwa tupu, nyekundu.

Nikamwita Nyongesa. Alikuja mbio akafunua pazia, akaiona ile shingo, akaliachia. Nilisikia hatua zake zikirudi nyuma mpaka nje.

"Ingia basi," nikamwambia. "Ni kifaranga."

Hakuingia. Nilipochungulia alikuwa amesimama nje ya mlango na suti yake ya kanisa, anaangalia viatu vyake.

"Mulembe, mama," akasema.