Maziwa ya Mlango wa Nyuma

Nyamoita alijua Jumapili, kanisani, kwamba watu wa Kehancha walikuwa wanamchukia. Alikuwa ameketi benchi moja na Mellen, mama aliyeleta maziwa kila asubuhi pale ushirika wa wafugaji, mahali Nyamoita alipofanya kazi ya kupima kama maziwa yametiwa maji. Mellen alimtazama, akachukua mkoba wake, akahamia upande wa pili. Nyamoita alipomfuata nje baada ya ibada, mama yule hakupunguza sauti.

"Unakataa jasho langu halafu unakuja kusali na mimi? Kama si Mzee Gisiri, watoto wangu wangelala njaa."

"Mzee Gisiri amefanya nini?"

"Amenipokelea. Wewe ukishakataa, yeye huniita kule nyuma. Anasema wewe ni msichana mgumu, hata yeye anakuogopa."

Nyamoita alisimama kama aliyepigwa kofi. Gisiri ndiye meneja. Gisiri ndiye aliyemwita ofisini siku alipoajiriwa, akamwagiza kwa ukali: maziwa yenye maji yasiingie, hata yakiwa ya mama yake mzazi. Muda wote huo alikuwa amesimama getini akipima, akikataa, akitukanwa, akijipa moyo kwamba mkubwa wake yuko nyuma yake. Kumbe alikuwa nyuma yake kweli, akipokea.

Jumatatu aliingia ofisini bila kubisha.

"Mzee, ni kweli unapokea maziwa niliyoyakataa?"

Gisiri alicheka, akamwonyesha kiti. "Keti, binti yangu. Hawa ni watu wetu. Mmoja akiwakasirisha, mwingine anawapoza. Kazi huenda hivyo."

"Na kwa nini anayechukiwa ni mimi kila siku?"

"Wewe bado kijana. Utazoea."

Gisiri angemkemea, pengine Nyamoita angevumilia. Ile sauti ya kubembeleza ndiyo iliyomwasha. Alitaka kutupa funguo za geti mezani aende zake, lakini kazi hii aliipenda, na kuondoka kungempa Gisiri hadithi nyingine ya kusimulia.

"Sitazoea," alisema. "Kuanzia leo nikikataa maziwa, utatoka uyakatae nami mbele ya mwenyewe. Ukiona yanafaa, yapokee pale pale, wote wakiona. La sivyo, sipimi."

"Unanipa amri?"

"Nakuambia vile nitafanya kazi."

Alitoka, akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye geti, akasimama nje pamoja na wafugaji. Foleni ikarefuka. Pikipiki zilizobeba mitungi zikazima injini moja baada ya nyingine. Jua likapanda, watu wakaanza kupiga kelele kwamba maziwa yataharibika, na hawakukosea. Jambo hilo lilimzidishia Nyamoita hasira. Gisiri alichungulia dirishani, akarudi ndani, akachungulia tena. Nyamoita hakumtazama.

Mwishowe mzee akatoka, uso umemvimba. Mtungi wa kwanza ulikuwa wa Monari, shemeji yake. Nyamoita alivaa koti, akatia kipimo kwenye maziwa. Kikazama kupita alama.

"Mwambie," alisema.

Monari alikuwa akitabasamu, akingoja kuitwa kule nyuma.

"Yana maji, shemeji," Gisiri alisema chini chini. "Rudi nayo."

"Sema kwa sauti!" Mellen alipaza kutoka kwenye foleni. "Si ulituambia ni huyu msichana?"

"Yana maji!" Gisiri alifoka. "Na agizo la kuyakataa lilikuwa langu tangu mwanzo. Mmesikia?"

Monari aliondoka akitukana ukoo mzima. Foleni ikasogea.

Siku hiyo meneja na mpimaji hawakusemezana tena. Asubuhi iliyofuata Gisiri alifika mapema, akasimama kando yake kabla geti halijafunguliwa.

"Leo tunafanyaje?" aliuliza, macho akiyaelekeza barabarani.

"Kama jana."

Gisiri akatikisa kichwa kukubali. Mlango wa nyuma aliufunga mwenyewe kwa kufuli.

Hawakuwa marafiki. Wiki hiyo hiyo waligombana juu ya namna ya kuosha tangi la baridi, wakafokeana ofisini mpaka waendesha pikipiki wakasogea kusikiliza. Nyamoita alitoka bado anafoka moyoni, Gisiri nyuma yake amekunja uso. Lakini wafugaji walipouliza, wote wawili walitoa jibu lile lile.