Kumpunguza Mama Sauti

Niliota usiku wa jana nimepiga magoti nyuma ya redio ya marehemu baba, sebuleni kwa mama huko Usangi, nafunga ikwalaiza. Mpaka hapo hakuna ajabu, maana kazi hiyo niliifanya jana mchana kutwa na ikanishinda. Nilijua ni ndoto pale redio ilipokohoa na kuniambia nivue viatu.

Nikavua. Mimi ni mtu wa adabu.

Shida yenyewe ni hii. Baba aliimba sauti ya nne kwenye kwaya ya usharika, na sauti yake imebaki kwenye kaseti moja tu, waliyorekodi mwaka themanini na saba. Mama huisikiliza kila Jumapili na kila Jumapili hulalamika, "Nawasikia wote, Elinami. Baba yako simsikii." Ndiyo maana nikanunua ikwalaiza, ile mashine yenye vijiti kumi vya kusukuma juu na chini, kila kijiti na sauti zake, nzito kushoto, nyembamba kulia. Nilimwahidi mama kwamba baba atasikika. Niliahidi kwa kujigamba, ndivyo nilivyo.

"Utepe wangu umechoka," ikasema kaseti kutoka ndani ya deki. "Nimebakiza kuimba mara moja tu. Usinichezee."

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu ilirekodiwa kabla sijazaliwa.

"Marahaba. Fanya haraka."

Nashika waya mwekundu. "Mimi wa kulia," unasema. Nashika mweupe. "Mimi wa kushoto. Jana ulituchanganya."

"Samahani. Haraka tu."

"Tulisimama njiani tukatazamana siku nzima," unasema mweupe, bila hasira.

Naupeleka kwenye tundu nyuma ya amplifaya, lile sanduku la redio linalokuza sauti. Mkono unaingia, bega linaingia, na mara nimo kwenye korido ndefu yenye milango iliyoandikwa KUTOKA na KUINGIA. Mezani amekaa kitufe cha teipu, kavaa tai.

"Jana ulichukua waya ukaunganisha kutoka na kutoka," anasema.

"Niliona majina yanafanana, nikajua wataelewana."

"Wote wakitoka, nani anaingia? Sauti inatoka kwa amplifaya, inaingia kwa ikwalaiza. Inatoka kwa ikwalaiza, inarudi kuingia kwa amplifaya. Na mimi ninayeipitisha huko hukunibonyeza."

"Sikujua kama una kazi."

"Hakuna anayejua," akasema, na nikaona kweli ameumia. Nikambonyeza kwa heshima zote. Ukuta ukawaka taa nyekundu, korido ikawa kanisa.

Nimesimama mbele ya kwaya na kijiti cha mwalimu mkononi. Waimbaji ni kumi, wamevaa sare, kila mmoja kasimama juu ya ubao wake unaopanda na kushuka. Wa mwisho kushoto ni baba. Nina miaka sita sijamwona. Anaimba kwa bidii, midomo inacheza, na sisikii kitu. Nilifurahi na nikaumia moyo kwa pamoja.

Nikausukuma ubao wake mpaka juu kabisa. Baba hakuimba, alinguruma. Vioo vikatetemeka, benchi likahama.

"Jamani, kifua changu!" ikalia spika kutoka madhabahuni. "Ukimpandisha huyo nitapasuka. Wapunguze wenzake."

Nikamrudisha baba alipokuwa, nikaanza kuwashusha wenzake. Wa sauti ya tatu akagoma. "Mimi ni mwenyekiti wa kwaya hii."

"Najua, mzee," nikamwambia, nikamshusha naye. Wakashuka wote, na baba bado hasikiki. Akabaki mmoja, juu karibu na dari, binti wa sauti ya kwanza, amefumba macho, anaimba kama kanisa ni lake.

Ni mama, kama alivyokuwa mwaka ule wa kurekodi. Nilimweka kule mwenyewe jana. Ningeanzaje kumweka mama yangu mzazi chini ya mwenyekiti?

"Hapo sasa," ikasema kaseti. "Mpunguze."

"Ni mama yangu."

"Mpunguze kwa adabu."

Napiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," anajibu bila kuacha kuimba.

"Mama, usinielewe vibaya. Naomba unyamaze kidogo."

Kwaya nzima ikageuka kunitazama. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwambia mama maneno hayo, hata baba. Mwenyekiti akavua miwani ili asione.

Mama akafumbua macho. "Kwa nini?"

"Wewe ndiye unayemfunika baba."

Akafikiri. "Nilikuwa namwimbia yeye. Nilitaka anisikie."

"Anakusikia, mama. Anakusikia siku zote. Sisi ndio hatumsikii."

Mama akasonya, lakini kidogo tu. Akaushika ubao wake kwa mikono miwili na kujishusha mwenyewe, taratibu, mpaka chini. Baba akajaza kifua, akafungua mdomo, na mimi nikaamka.

Kumekucha. Jikoni mama anakoroga uji.

"Shikamoo, mama."

Akageuka, akafungua mdomo, na ile marahaba ikatoka kwa mnong'ono tu, kama upepo mlangoni.

"Mama, sauti imekwenda wapi?"

"Sijui," akanong'ona, mkono shingoni. "Nimelala nayo, nimeamka haipo. Na siumwi." Kisha akaelekeza mwiko sebuleni. "Washa hiyo redio."

Nikafunga waya upya, kutoka kwenda kuingia, nikabonyeza kitufe cha teipu. Vijiti sikuvigusa, niliogopa. Kaseti ikazunguka, na kwaya ya mwaka themanini na saba ikaimba wimbo mzima bila sauti ya kwanza. Nyuma yao mwanamume mmoja, sauti nzito, alikuwa anachelewa neno moja kila mstari.

Mama alikuja na mwiko wake, akaketi sakafuni karibu na spika.

"Ndiye," akanong'ona. "Alikuwa anachelewa hivyo hivyo."