Uzi wa Mama Pindo

Ushirika wetu wa ushonaji una sheria inayowachekesha wageni: hakuna anayeshona kwa cherehani aliyoileta mwenyewe. Kila Jumatatu unahamia ya jirani. Ukiitesa ya mwenzako, yako nayo itateswa, basi zote zinapakwa mafuta kama bibi harusi.

Mimi wananiita Mama Pindo, kwa kuwa pindo zangu hazifumuki. Mwaka huu macho yaliniasi, tundu la sindano likapotea kabisa. Nikanyamaza. Tajiri wetu wa zamani alikuwa akimtupa fundi aliyechoka kama kitambaa chakavu, na hofu yake nilibaki nayo, ingawa aliondoka na karakana sasa ni yetu sote.

Ajabu, kila asubuhi nilikuta cherehani imeshatiwa uzi. Ukikatika, nilijifanya naenda kupiga pasi. Nikirudi, uzi uko tunduni. Nikadhani nimeutia mwenyewe nikasahau. Uzee nao!

Ndipo zikaja sare za shule ya jirani. Wazazi wa mtaa waligoma kuzinunua mbali, wakataka hela yao izunguke hapa hapa. Kazi ya heshima hiyo, nami nikashona mifuko na kuiziba midomo bila kujua, shati baada ya shati. Nilipopitisha kidole na kugundua, nikajiambia: Heri nijing'oe kabla sijang'olewa.

Nikasimama. "Jamani, mimi natoka. Cherehani yangu bakini nayo."

Wifi yangu Kimbunga, mke wa kaka, akaacha kukanyaga. "Unatoka uende wapi, wifi? Mwenye nyumba anahama kwa kuvunja kikombe?"

"Sioni, wifi yangu. Hata sindano siioni."

"Tunajua. Kwani uzi unajitia wenyewe? Jioni anayefunga mlango anakutilia. Mchana aliye karibu."

Nikaugusa uzi pale sindanoni.

Akasonya. "Yule tajiri angekufukuza. Sisi tukufukuzeje, na tajiri mwenyewe ni wewe?"

Nililia mbele yao bila aibu, nikawashukuru mmoja mmoja. Kisha tukavuta viti tukafumua mifuko pamoja, wakinitania kwamba nimewaokoa watoto wasipoteze penseli.

Jumatatu nikahamia cherehani ya Kimbunga. Nikaipapasa sindano: uzi upo. Nikasema kwa sauti, "Asanteni."

Wote wakajifanya hawakusikia, wakaendelea kushona.