Shangazi Aliyeshika Flashi

Asubuhi ya siku ya kuposwa kwa Annick, flashi iligoma. Ingegoma moja kwa moja, watu wangejua moja. Lakini ukiichomeka nyuma ya runinga kubwa iliyokodiwa, picha ilitokea vizuri kabisa: Annick wa miaka minne, huko Bujumbura, amevaa viatu vya mama yake. Mtu akianza tu kusema "Jamani, mwangalieni!", kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanatokea: Kifaa kimeondolewa.

"Nani ameiondoa?" aliuliza Gratien, baba mdogo wa Annick, aliyekuwa msemaji wa familia siku hiyo. "Mimi niko hapa. Wewe uko pale. Nani ameiondoa?"

Gratien alikuwa ameshajisifu kwa wakwe kwenye simu kwamba wataingia uani wakipokewa na filamu ya maisha ya binti. Mpiga picha aliyeitengeneza alikuwa kwenye harusi nyingine Musanze, simu yake imezimwa. Nakala ilikuwa hiyo moja.

Wakamwita binamu Arnaud. Arnaud alifanya kazi katika ofisi moja ya mtaa wa Kacyiru, hapo Kigali, na pale alijulikana kama mtu wa kompyuta kwa sababu siku moja aliifungua printa na ikafungika tena. Akaipuliza flashi. Akaifuta kwa shati. Akaibadilishia tundu, akazima runinga, akaiwasha. Mwisho akaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo ili anakili filamu, ikafika nusu, ikakatika.

"Sasa inauliza kama tunataka kuifomati," alisema.

"Kufomati ndiyo nini?" aliuliza Gratien.

"Kufuta kila kitu."

"Na inauliza kwa adabu hivyo?"

Ndipo shangazi Épiphanie alipopita na sinia la glasi. Alikuwa dada mkubwa wa Gratien, mwanamke mnene wa maneno machache ambaye dawa yake kwa kitu chochote kilichoharibika ilikuwa kukisukuma. Aliweka sinia chini, akairudisha flashi kwenye runinga, akaisukuma kwa kidole gumba, juu kidogo na kushoto kidogo. Annick wa miaka minne akarudi. Akafuata wa miaka saba. Akafuata wa komunyo ya kwanza.

Épiphanie akaondoa kidole. Giza.

"Usiachie, Tantine!" wote walimpigia shangazi kelele.

Walijaribu gundi ya karatasi, kipande cha boksi, kijiti cha meno na kijiko. Gratien alijaribu kidole chake, kikakataliwa. Annick alijaribu, naye akiwa ameshavaa vazi lake la sherehe, akakataliwa. Kidole kilichokubalika kilikuwa kimoja tu. Épiphanie alisema ni neema. Arnaud alisema ni namna ya kuinamisha.

Basi wakamwekea shangazi kiti kando ya runinga, mkono wa kulia umepita nyuma, wakautandaza umushanana wake, lile vazi refu la kufungwa begani, mpaka mkono ukafichika wote. Annick akakalishwa chumbani kama desturi inavyotaka, asubiri kuitwa.

Wageni walichelewa, maana pale kwenye makutano ya Sonatubes magari yalikuwa yamesimama kwa foleni. Walipoingia hatimaye, ukoo mzima wa Annick ulisimama kuwapokea. Shangazi Épiphanie hakusimama.

Msemaji wa wakwe alikuwa mzee Damascène, baba mkubwa wa bwana harusi, Hirwa. Alilelewa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa watu wanaosalimiana kwa kina, na nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Alimnyooshea Épiphanie mikono miwili. Épiphanie aliitazama mikono ile, akatikisa kichwa kidogo.

"Karibu, mwanangu," alimwambia.

Damascène alirudi kwenye kiti chake akiwa ametoka jasho. Alimnong'oneza Hirwa, "Huyu mama ndiye mwenye neno la mwisho. Na amekasirika."

Gratien alianza hotuba ya makaribisho. Picha zilipita kwenye runinga, zikaisha, zikaanza upya. Wageni hawakuzitazama. Walikuwa wanamtazama Épiphanie, ambaye mkono ulianza kumkaza na uso ukamkunjamana.

Zamu ya Damascène ilipofika, hakugusa hotuba aliyoiandaa.

"Mama," alisema, "naona kuna neno."

"Hakuna neno," alijibu Épiphanie, meno yamebana.

Damascène akajitetea. "Kama ni habari ya leseni, ni kweli. Kijana ameanguka mtihani wa gari mara nyingi. Lakini mara ya mwisho aligonga koni moja tu."

Hirwa aliinua kichwa. "Baba mkubwa?"

Épiphanie alifumba macho. Ganzi ilikuwa imefika kwenye kiwiko.

"Basi ni ng'ombe," alisema Damascène. "Mama, umejuaje? Ni kweli, anawaogopa. Ile picha aliyowatumia, amemkumbatia ng'ombe, yule ng'ombe aliongezwa kwa kompyuta."

Upande wa Annick watu walianza kugusana kwa viwiko. Gratien, ambaye hakujua lolote kati ya hayo, alimtazama dada yake kwa heshima mpya kabisa.

"Endelea," alisema Gratien.

"Baba mkubwa, uliahidi hutasema!" alilia Hirwa.

Épiphanie akaguna. Ulikuwa mguno wa maumivu ya bega, lakini Damascène aliupokea kama hukumu. Alivua kofia.

"Naona huwezi kufichwa kitu. Haya. Zile jumbe tamu anazotumiwa binti kila asubuhi, za kwamba akicheka milima ya Kigali inasogea karibu kumsikiliza... ni mimi ninaziandika. Hirwa ananipigia, mimi ninatunga, yeye anatuma."

Mlango wa chumba ukafunguka kwa kishindo. Annick akatoka kabla ya kuitwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Ni wewe, mzee?" aliuliza. "Ile ya parachichi pia?"

"Ile ya parachichi niliifanyia kazi wiki nzima," alisema Damascène kwa unyonge.

Épiphanie alicheka. Alicheka mpaka akapiga makofi, mikono yote miwili, na kioo kikawa cheusi: Kifaa kimeondolewa. Flashi ilidondoka ikabingirika hadi miguuni kwa wageni. Ikabidi Gratien aeleze.

"Kwa hiyo mama hukuwa umekasirika?" aliuliza Damascène.

"Nilikuwa nimekufa ganzi," alisema Épiphanie, akiusugua mkono. Kisha akasimama, akamsalimu kwa kumkumbatia.

Hirwa aliiokota flashi, akaigeuzageuza. "Kichwa chake kimelegea tu. Kwa nini Tantine hakuishika kwenye kompyuta, mkanakili?"

Ua mzima ukamgeukia Arnaud.

"Nilikuwa karibu kulisema hilo," alisema Arnaud.

Wakanakili, shangazi akishika kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto nao ukakubalika. Filamu ilichezwa mpaka mwisho bila kukatika, na posa ikajibiwa ndiyo. Ila Annick aliweka sharti moja: Hirwa amwandikie ujumbe hapo hapo, peke yake.

Hirwa alikaa na simu kwa muda mrefu, ulimi nje. Damascène aliomba auone kabla haujatumwa, akakatazwa na pande zote mbili. Simu ya Annick ikalia, akasoma kwa sauti:

"Annick. Nimekaa mbele yako. Naona aibu sana. Umependeza. Ng'ombe nitajifunza."

"Hakuna hata mlima mmoja," alinong'ona Damascène.

Annick alikuwa anausoma mara ya pili.