Watatu Waliofanana na Mama Yao

Mtoto wa kwanza wa chatu alipopasua ganda na kuchungulia, kaka mwenye banda la nyoka alimkazia macho, kisha akatema mate sakafuni.

"Mistari hii imetoka wapi?"

Dada yake, aliyewatunza chatu wale tangu baba wa ndugu hao wawili afariki, hakuuma maneno. "Nilimpandisha jike na dume la aina nyingine. Misimu miwili mayai yanaoza, na wanaoanguliwa wana uti wa mgongo uliopinda. Tumewazalisha ndugu kwa ndugu mpaka damu imechoka, kaka."

"Baba kailinda nasaba hii miaka thelathini, wewe umeichafua kwa msimu mmoja!" Akacheka kwa dharau. "Lakini nashangaa nini? Chotara atamtetea nani, kama si chotara mwenziwe?"

Mama yake dada aliolewa katika ukoo huo akitokea kwa watu wa lugha nyingine. Tangu utotoni, binti huyo alikuwa akiyameza matusi ya kaka yake wa baba mmoja kama mgonjwa amezavyo dawa chungu, akitumaini iko siku atapona.

Kufikia adhuhuri walikuwa wametoka kumi na mmoja. Wanane wenye mistari kaka aliwatupa ndooni. "Hawa ua." Watatu, madoa yao sawasawa na ya mama yao, akawatia kila mmoja kisandukuni, kisha akamsukumia dada yake kalamu.

"Andika: nasaba safi. Mteja yuko njiani."

"Lakini hawa wote ni tumbo moja."

"Nani atajua?"

Dada alivitazama visanduku, kisha ndoo. Kumbe usafi wenyewe ni ngozi tu! Na yeye kwa ngozi hiyo alikuwa ameinamisha shingo umri mzima.

Akaandika "chotara" juu ya visanduku vyote vitatu. Kisha akaanza kuwaopoa wale wanane. Mmoja alimuuma kidole, hakumtupa.

"Nitakufukuza," kaka alisema, taratibu.

"Fukuza."

Kengele ya mlango ikalia. Kaka akarukia taulo, akavifunika visanduku. Dada akamtangulia mlangoni, damu ikimchuruzika, akafungua. Mteja, mama wa makamo mwenye miwani, alikitazama kile kidole.

"Kumbe wanauma?"

"Wanauma," alijibu, akimpisha. "Karibu ndani, mama. Uwaone wote."