Wimbo wa Kulalia

Hakuna mwanamuziki aliyependwa na wenye usingizi kama Marit Haugdahl. Minnesota nzima, na hata nchi ambazo mwenyewe asingeweza kuzionyesha kwenye ramani, watu walipanda kitandani, wakabonyeza simu, wakasikia gitaa lake, na kabla hajamaliza ubeti wa pili walikuwa wanakoroma. Wimbo ulikuwa mmoja tu, "Barafu ya Machi". Ulikuwa mwaka wa pili sasa kwenye orodha ya nyimbo za kulalia ya jukwaa moja kubwa la muziki mtandaoni, ukitanguliwa na sauti ya mvua na kufuatiwa na sauti ya feni.

Feni! Hiyo ndiyo iliyomkera Marit. Mvua angeivumilia.

Ukweli ni kwamba hakuutunga ili mtu alale. Aliutunga kuhusu ziwa lao pale Duluth, linavyonyamaza majira yote ya baridi, halafu siku moja barafu inapasuka kwa kishindo na watu wanatoka majumbani kwenda kutazama. Gitaa lilikuwa ule ukimya. Mwishoni kabisa ndipo lilipoingia tarumbeta la kaka yake, Orrin, likapasua kila kitu. Lakini meneja wake, Gretchen, aliusikiliza mara moja tu akasema bila kupepesa macho, "Toa hilo tarumbeta. Nani analala na tarumbeta?" Marit akalitoa. Wimbo ukapaa. Orrin akasema haidhuru, akarudi kupiga muziki wa dansi wa polka kwenye harusi za watu, na alipokuja kula kwa dada yake Jumapili alizungumzia hali ya hewa tu.

Marit alijua amemuumiza. Na kila aliposimamishwa dukani alikumbushwa.

"Dada, nakupenda sana!" mtu alikuwa akimwambia, ameshika katoni ya maziwa. "Wimbo wako sijawahi kuusikia mpaka mwisho!"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Marit alikuwa anashukuru, analipa, anaondoka na hasira zake. Mwishowe akaona yamemfika shingoni. Alikuwa na tamasha Jumapili alasiri katika ukumbi wa zamani wa mjini, akampigia kaka yake simu.

"Kaka, njoo na tarumbeta."

"Kwa mashabiki wako wale wanaolala? Unataka nifungwe?"

"Nataka wausikie wote. Hata mara moja tu, kabla sijafa."

"Si mbaya," Orrin akasema, na kwa watu wa kwao hilo ni sawa na kupiga vigelegele.

Siku yenyewe, Gretchen alimjia nyuma ya jukwaa, uso umemshuka.

"Umechungulia ukumbini? Wamekuja na mito."

"Mito gani?"

"Ya kulalia, mama! Na mablanketi. Kuna mzee kavaa pajama na mabuti ya theluji."

"Saa tisa mchana?"

"Ndio mashabiki wako hao. Sasa nakuomba, huyo kaka yako abaki huku anywe kahawa yake. Ukiwaamsha hawa watu, umekwisha. Watakutoa kwenye orodha, halafu nani atakusikiliza?"

"Kwani sasa hivi ananisikiliza nani?"

Gretchen akampa gitaa lake.

Marit akatoka, akaketi, akapiga. Ubeti wa kwanza ulipokwisha vichwa vilianza kulegea, na kufika wa tatu ukumbi mzima ulikuwa unakoroma kwa mapigo, tena mapigo yenyewe hayakufuata gitaa. Aliendelea mpaka pale wimbo unapokatika kwenye simu za watu. Pembeni, penye pazia, Orrin alikuwa amesimama na tarumbeta kifuani, anamtazama. Asingeanza bila ishara yake. Marit aliogopa, tena aliogopa kweli, maana maneno ya Gretchen hayakuwa uongo. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Orrin akapiga.

Mito iliruka. Mama mmoja alipiga kelele, "Treni!" Mzee wa pajama alijikuta wima, amepiga saluti, hajui anamsalimu nani. Lakini Orrin hakuacha. Aliipasua barafu kipande kwa kipande, mashavu yamemtuna, na Marit akamfuata kwa gitaa kwa nguvu ambazo vidole vyake vilikuwa vimezisahau. Walipomaliza, kila jicho ukumbini lilikuwa wazi.

Nimekwisha, Marit akawaza.

Mwanamke wa safu ya mbele alijifuta mate mdomoni. "Samahani, dada. Huu ni wimbo gani?"

"Ni ule unaoulalia."

"Wote huu?"

"Wote."

"Jamani! Basi anza upya, mimi nilikuwa nimelala."

Wakacheka, naye akaanza upya. Safari hii hakuna aliyelala. Walikaa ukingoni mwa viti kama watoto wanaongoja keki itoke jikoni, na tarumbeta lilipoingia walishangilia mpaka vioo vikatetemeka.

Kisha mambo yakawa kama Gretchen alivyosema. Mashine inayopanga zile orodha iligundua kwamba wimbo huu siku hizi haulazi watu, ikautoa. Gretchen alipiga simu akilia. Marit naye alilia kidogo, kwa sababu kupendwa, hata na waliolala, ni kuzuri.

Jumapili iliyofuata Orrin alikuja kula. Wakiwa mezani, simu ya Marit ikatoa mlio wa ujumbe. Aliusoma, akamsukumia kaka yake simu.

"Mimi ndiye yule wa pajama," ujumbe ulisema. "Tangu siku ile silali. Nafika mwisho wa wimbo kwenye simu, natega sikio, namngoja yule bwana, haji. Nimemhadithia mke wangu, naye sasa halali. Tunakaa wawili gizani tunamngoja. Tafadhali, mrudisheni."

Orrin alisoma taratibu. Akaurudia.

"Wananingoja mimi?"

"Wewe, kaka."

Akafuta macho kwa kitambaa cha meza, akasogeza sahani kando, akasimama.

"Maliza kula upesi, mdogo wangu, twende tukarekodi," akasema. "Watu wako macho."