Jina la Muuaji

"Dada Ritha, naomba uniambie. Mimi nimemuua nani?"

Gerald, mwimbaji wa kwaya yetu, hakusalimia wala hakukaa. Alisimama mlangoni kwangu hapa Mkiwa, kofia mkononi, na mara moja nikalijua kosa langu. Jumapili niliwasomea wanakwaya sura ya mwisho ya riwaya yangu ya nne, kama ninavyofanya kwa kila kitabu, maana wanakwaya wakisinzia najua sura ni mbovu. Riwaya zangu zote ni za upelelezi wa zamani, enzi za Mjerumani, kwenye mgodi wa dhahabu wa Sekenke. Safari hii muuaji ni nyapara aliyeaminiwa na wote, nami nikampa jina la Msengi. Na Msengi ndilo jina la nyumbani la Gerald, alilorithi kwa babu yake. Kwetu jina halizikwi. Mjukuu huliokota akatembea nalo. Nimekua nikilijua hilo, bado nikasahau!

"Si wewe, kaka. Ni mtu wa kubuni."

"Mtu wa kubuni hana jina la babu yangu. Mke wangu ameulizwa bombani kama bado analala na mimi."

Nilitaka kucheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwomba radhi, nikalifuta jina.

Kufuta ni rahisi. Kila jina la zamani nililoligusa baada ya hapo lilikuwa na mwenyewe: huyu katekista, yule anauza asali hapa hapa njia panda. Clement, mhariri wangu wa Dar es Salaam, akapiga simu, nikamweleza.

"Mpe jina la Kijerumani yaishe. Muuaji awe mzungu."

"Enzi zile mzungu akiua, fumbo liko wapi? Msomaji atamjua ukurasa wa kwanza, afunge kitabu alale. Uchungu wa hadithi hii ni kwamba muuaji ni wetu."

"Ijumaa, Ritha. Ikipita Ijumaa nachapa kitabu cha mwingine."

Nilikasirika, nikauacha ugali mezani. Miaka yote hii nimeuza vitabu vyangu kwenye madirisha ya mabasi, katikati ya kuku na vitunguu, huku watu wakinishauri niandike mapenzi. Sikuyavumilia hayo yote ili nije nishindwe na jina. Asubuhi nikapanda basi kwenda kwa baba, jirani na Sekenke.

Baba ni Hezekia kanisani, nyumbani ni Kiula. Kiula wa kwanza, babu yake, alichimba mgodi ule ule. Kazi yangu baba hakuwahi kuipenda. Kitabu changu cha kwanza alinirudishia, akasema hakunisomesha ili niue watu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na uso wa kuomba."

"Naomba jina lako. Nimpe muuaji."

Akaweka chini ungo wa alizeti. "Anaua kwa sababu gani?"

"Dhahabu, baba. Kisha anakwenda kumzika aliyemuua, na analia kuliko wote."

"Mh. Anakamatwa?"

"Anakamatwa. Na anayemkamata ni binti yake."

Akauinua tena ungo. Niliogopa kuliko siku niliyoolewa.

"Wengine wamekunyima majina yao?"

"Sikuwaomba. Damu nimeimwaga mimi, siwezi kuwabebesha watu wengine."

Alipepeta tena, polepole, makapi yakaruka. "Hapo umesema neno. Andika Kiula. Ila akikamatwa asikimbie. Kiula hakimbii."

Nililia ndani ya basi bila aibu. Nilikuwa nimemwandika akikimbia, kwa hiyo niliiandika upya sura nzima, nikamsimamisha mbele ya binti yake mpaka mwisho. Ikawa bora kuliko ya kwanza. Alhamisi ilikuwa mikononi mwa Clement.

Kitabu kilipotoka, baba alikuja Mkiwa bila kuitwa, amevaa koti la kanisani. Basi liliposimama alininyang'anya nakala, akaenda nayo hadi dirishani.

"Nunueni! Muuaji humu ndani ni mimi Kiula."

Nikamvuta koti. "Baba, unawaambia mwisho!"

"Mwisho sijawaambia bado," akasema, akanishika bega na kunisogeza mbele ya abiria. "Aliyenikamata ni huyu mwanangu."